Mawimbi, Neva na Toni: Sauti ya Msukuma Mbele ya Sayansi ya Vyuo Vikuu

Kalemela ni moja ya kata za Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu ambao ulianzishwa mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu Bariadi. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Magu, inapakana na Ziwa Victoria na kupitiwa na barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na wakazi wake wengi ni wakulima wa pamba na mazao ya chakula, wafugaji na wavuvi ambao huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Katika maisha ya kila siku ya watu hao, sauti ya binadamu hupita katika njia tatu ambazo kila moja imekuwa uwanja wa utafiti wa vyuo vikuu: hubebwa hewani na mawimbi ya redio pale mtu apigapo simu, hugeuzwa kuwa umeme ndani ya sikio la msikilizaji, na hupangwa kwa kanuni za lugha hadi ikaleta maana. Nyanja zenyewe ni mawasiliano yasiyotumia waya; bayoelektroniki, yaani sayansi ya kuunganisha vyombo vya umeme na mwili wa kiumbe hai; na sayansi ya usemi, inayochunguza jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa, zinavyosikika na zinavyoweza kushughulikiwa na mashine.

Nyanja hizo hufundishwa katika idara mbalimbali, ya kwanza kwa wahandisi, ya pili karibu na madaktari, ya tatu kwa wanaisimu, lakini historia yake ni ya pamoja. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi, na mama yake pamoja na mkewe walikuwa na ulemavu wa kusikia. Jitihada zake za kuelewa jinsi sauti inavyotokea na inavyosikika ndizo zilizomfikisha kwenye simu. Makala hii inaeleza jinsi nyanja hizo tatu zinavyofanya kazi na zinavyokutana, na hoja yake ni kwamba kila chombo kinachoshughulikia sauti hubeba ndani yake tabia za lugha zilizotumika kukiunda na kukipima, hivyo lugha ambayo haijachunguzwa vya kutosha hupata huduma pungufu hata pale chombo chenyewe kinapopatikana.

Simu husafirisha maelezo ya sauti

Mtu anapozungumza kwa simu ndogo ya vitufe, ile ambayo wengi huiita kitochi, sauti yake haipandi mnarani kama ilivyotoka kinywani. Kipaza sauti cha simu huugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, kisha sakiti iliyo ndani hupima kiasi cha umeme huo mara 8,000 katika kila sekunde na kukiandika kila kipimo kwa tarakimu za sifuri na moja, ambazo kila moja huitwa biti. Vipimo hivyo vingetumwa vyote, kila sekunde moja ya maongezi ingehitaji biti 104,000, mzigo ambao masafa ya redio, yaliyo machache na yanayogombewa na watumiaji wengi, yasingeumudu.

Kwa sababu hiyo wahandisi walitumia elimu ya usemi kuupunguza mzigo huo. Katika mfumo wa kizazi cha pili, ulioanza kutumika kibiashara Finland mwaka 1991 na ambao ulieneza simu za mkononi vijijini Afrika, simu hukata maongezi katika vipande vya sehemu 20 za elfu za sekunde. Kwa kila kipande hukokotoa mambo machache: umbo ambalo koo na kinywa vimelichukua kwa wakati huo, kasi ambayo nyuzi za sauti zinatikisika, na nguvu ya pumzi inayosukuma sauti. Maelezo hayo huandikwa kwa biti 260 tu, ndiyo kusema biti 13,000 kwa sekunde, na simu ya upande wa pili huyapokea na kuiunda upya sauti ya msemaji. Wazo hilo la kutuma maelezo ya sauti badala ya sauti yenyewe linatokana na kazi ya Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliyelifanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kama itakavyoonekana mbele, wazo hilohilo liliingia baadaye katika tiba ya viziwi.

Biti hizo hupandishwa juu ya wimbi la redio, yaani mtikisiko wa nguvu za umeme na sumaku unaosafiri kwa mwendo wa mwanga, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Wimbi la megahezi 900, ambalo hutumika sana kwa simu, hutikisika mara milioni 900 kwa sekunde na lina urefu wa karibu sentimita 33, na kwa kuwa mawimbi marefu hukabiliana na miti na kuta vizuri zaidi kuliko mafupi, masafa ya chini ndiyo yanayofaa maeneo ya vijijini ambako minara iko mbalimbali. Watumiaji 8 hugawana wimbi moja kwa zamu, kila mmoja akipewa kipande cha muda kisichofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na simu iliyo mbali hulazimika kutuma mapema kidogo ili ujumbe wake ufike mnarani kwa zamu yake. Kiasi cha kuwahi ambacho mfumo unaruhusu kina kikomo, na kikomo hicho ndicho kinachofanya mnara wa kawaida wa mfumo huo usiweze kuhudumia simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama nchi ni tambarare na mawimbi yanafika.

Utafiti uliofanyika jirani

Ipo kazi ya kitaaluma kuhusu mawasiliano iliyofanyika karibu sana na Kalemela, katika wilaya za Bunda na Serengeti za Mkoa wa Mara, ambapo Bunda inapakana na Busega kwa upande wa kaskazini. Katika miaka ya 2000, mradi wa teknolojia ya habari na mawasiliano kwa maendeleo ya vijijini uliwakutanisha watafiti wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, inayofahamika kama COSTECH. Watafiti hao walitumia nyuzi za kioo zilizokuwa tayari zimefungwa kwenye njia za umeme za TANESCO, shirika la umeme la taifa, wakaziunganisha na vituo vya redio, na kwa njia hiyo wakajenga mtandao wa intaneti wa majaribio uliohudumia taasisi za umma kama shule, hospitali na ofisi za halmashauri. Amos Nungu, mmoja wa watafiti Watanzania waliofanya kazi hiyo, aliitumia kama kiini cha tasnifu yake ya uzamivu iliyokamilika Stockholm mwaka 2011, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.

Thamani ya kazi hiyo haikuishia kwenye vifaa. Tasnifu yenyewe ililenga swali la uendelevu, yaani ni kwa namna gani mtandao uliojengwa kwa fedha za utafiti utaendelea kuishi baada ya mradi kufungwa, nani ataumiliki, nani ataulipia umeme na matengenezo, na wataalamu wa kuutunza watatoka wapi. Maswali hayo yanahusu kila chombo cha kisasa kinachopelekwa kijijini, pamoja na vyombo vya tiba vinavyoelezwa hapa chini, kwa kuwa uhandisi usiojibu swali la matunzo huacha nyuma yake mitambo iliyolala.

COSTECH ilishiriki pia katika jaribio la aina nyingine lililotangazwa mwaka 2013 pamoja na kampuni za Microsoft na UhuruOne, la kutumia nafasi tupu zilizo katikati ya masafa ya televisheni ili kuwafikishia intaneti wanafunzi wa vyuo vikuu Dar es Salaam. Masafa hayo ni ya chini na husafiri mbali, na jambo hilo lilivuta macho ya watafiti hasa baada ya Tanzania kuanza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hatua iliyodhihirisha kuwa matangazo ya kidijiti huhitaji nafasi ndogo zaidi hewani.

Umeme ulio ndani ya mwili

Mwili wa binadamu nao hutumia umeme kuwasiliana ndani yake. Katika miaka ya 1780 Luigi Galvani wa Bologna alionyesha kuwa mguu wa chura aliyekufa hukunjamana unapoguswa na umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven wa Chuo Kikuu cha Leiden alitengeneza chombo cha kupima umeme wa moyo, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Na mwaka 1958 madaktari wa Sweden waliweka kwa mara ya kwanza chombo kizima cha kusimamia mapigo ya moyo ndani ya mwili wa mgonjwa. Vyombo vya aina hiyo sasa hupandikizwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hata hivyo, chombo ambacho kinazikutanisha nyanja zote tatu za makala hii, mawimbi, umeme wa mwili na usemi, ni kipandikizi cha koklea, yaani chombo cha umeme kinachowekwa ndani ya sikio la mtu asiyesikia ili kuiamsha neva ya usikivu moja kwa moja.

Ili kukielewa chombo hicho ni lazima kwanza kulielewa sikio lenyewe. Mtikisiko wa hewa hugonga kiwambo cha sikio, kiwambo husukuma vifupa vitatu vidogo vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku hupeleka mtikisiko huo katika koklea, mrija uliojaa majimaji na kujiviringa mara mbili na nusu hivi kama nyumba ya konokono. Ndani ya mrija huo mna utando ambao, kama alivyoonyesha Georg von Békésy aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, hutikisika mahali tofauti kwa sauti tofauti: sauti nyembamba hutikisa sehemu ya mwanzo ya mrija, na sauti nzito hutikisa sehemu ya ndani kabisa. Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo, takribani 15,000 katika kila sikio, ambazo huugeuza mtikisiko kuwa umeme na kuupitisha katika nyuzi zipatazo 30,000 za neva ya usikivu hadi kwenye ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena, na vitu vinavyoziua ni pamoja na homa ya uti wa mgongo, rubela inayompata mama mjamzito, kelele kubwa za muda mrefu na baadhi ya dawa, mojawapo ikiwa streptomaisini iliyotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu.

Mtu ambaye seli zake zimepungua bado anaweza kusaidiwa na shimesikio, chombo kinachokuza sauti, lakini zikiwa zimekwisha kabisa, kukuza sauti hakusaidii kwa kuwa hakuna kitu cha kuigeuza kuwa umeme. Mwaka 1957 mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walionyesha kuwa neva ya usikivu inaweza kuamshwa kwa umeme unaotoka nje. William House wa Los Angeles aliifuata njia hiyo tangu mwaka 1961. Na mwaka 1978 Graeme Clark wa Chuo Kikuu cha Melbourne alipandikiza chombo chenye elektrodi nyingi, yaani vituo vingi vidogo vya metali vinavyotoa umeme katika sehemu mbalimbali za koklea.

Chombo kinachotumika leo kina sehemu mbili ambazo haziunganishwi na waya wowote. Sehemu ya nje, inayoning'inia nyuma ya sikio, ina kipaza sauti, kichakata sauti na betri, pamoja na koili ndogo ya waya inayoshikwa kichwani na sumaku. Sehemu ya ndani, iliyowekwa chini ya ngozi kwa upasuaji, ina koili nyingine na uzi mwembamba wenye elektrodi kati ya 12 na 22 uliopenyezwa ndani ya koklea. Koili ya nje hutoa mawimbi ya redio ambayo hupita ngozi yenye unene wa milimita chache na kuzaa umeme katika koili ya ndani, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na mawimbi hayohayo hubeba mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya kuendesha sehemu ya ndani, ambayo haina betri yake, na maagizo ya elektrodi ipi iwake, lini na kwa nguvu kiasi gani. Hivyo mawasiliano ya redio yanayotoka mnarani hadi kijijini kwa kilomita nyingi yanatendeka pia kichwani mwa mtoto, kwa umbali usiozidi unene wa ngozi yake.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upandikizaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa waliohitaji huduma hiyo walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Hatua hiyo ni kubwa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa bila kusikia huhitaji kupata sauti katika miaka yake ya mwanzo, wakati ubongo unapojifunza lugha kwa wepesi zaidi, na mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo huhitaji kuwahiwa upesi zaidi, maana koklea yake inaweza kuanza kujaa mfupa na kuziba njia ya elektrodi.

Kinachopotea kati ya elektrodi na lugha

Elektrodi 22 haziwezi kufanya kazi ya seli 15,000, na kwa hiyo swali kubwa la watafiti lilikuwa ni sehemu gani ya sauti ihifadhiwe na ipi iachwe. Vichakata sauti vya mapema vilivyotoka Melbourne vilijaribu kupima moja kwa moja kasi ya mtikisiko wa nyuzi za sauti, ambayo ndiyo inayoifanya sauti isikike nene au nyembamba, na kuitumia kuongoza kasi ya umeme wa elektrodi. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake nchini Marekani walichapisha njia nyingine, ambamo sauti hugawanywa katika vichane kuanzia nzito hadi nyembamba, nguvu ya kila kichane hupimwa, na elektrodi hupiga kwa zamu, moja baada ya nyingine, ili umeme wa moja usivurugane na wa jirani yake. Uelewa wa wagonjwa ulipanda sana, na mwaka 2013 Wilson, Clark na Ingeborg Hochmair wa Austria walipewa Tuzo ya Lasker kwa mchango wao. Robert Shannon na wenzake nao walionyesha mwaka 1995 kwamba msikilizaji wa Kiingereza mahali penye utulivu anaweza kuelewa maongezi hata yakigawanywa katika vichane vinne tu.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulipimwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maana ya neno haitegemei kupanda na kushuka kwa sauti. Njia ya vichane huhifadhi vizuri nguvu ya sauti inavyobadilika, huku kasi ya mtikisiko wa nyuzi za sauti ikibaki kwa udhaifu mkubwa. Kwa lugha za toni, yaani lugha ambazo sauti ya juu au ya chini katika silabi hubadili maana ya neno au umbo la kitenzi, kilichodhoofishwa ni sehemu ya lugha yenyewe. Utafiti uliofanyika Hong Kong kwa watoto wanaosema Kikantoni na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watoto wenye vipandikizi walipata shida kubwa kutofautisha toni ambazo wenzao wanaosikia huzitambua bila taabu.

Kisukuma ni lugha ya toni. Wakati Kiswahili hakina toni na huweka mkazo, kwa kawaida, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kisukuma hutumia sauti ya juu na ya chini kutofautisha maneno na nyakati za vitenzi, tena kwa utaratibu ambao umewashughulisha wanaisimu kwa miongo mingi. Irene Richardson wa Chuo Kikuu cha London alichapisha mwaka 1959 kitabu kizima kuhusu kazi ya toni katika muundo wa Kisukuma, na moja ya mambo yanayojulikana kutokana na uchunguzi wa aina hiyo ni kwamba toni ya juu ambayo ni mali ya silabi fulani husikika silabi mbili mbele yake, hata ikavuka mpaka wa neno na kutua katika neno linalofuata. Msikilizaji wa Kisukuma, kwa hiyo, huipata habari ya neno moja kwa kuisikiliza sauti ya jirani yake, na asiyeisikia toni huikosa habari hiyo katika sehemu mbili kwa pamoja.

Sifa za lugha hiyo hazikomei hapo. Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania aliyefundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, alichapisha Paris mwaka 1985 uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, lugha yenye irabu saba badala ya tano za Kiswahili, ambazo kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu. Mwaka 1991 Ian Maddieson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alizichambua kifonetiki nazali za Kisukuma zinazotamkwa kwa pumzi, zile zinazoandikwa mh, nh na ng'h, na kuzifanya sehemu ya mjadala wa kimataifa kuhusu jinsi kinywa, pua na koo vinavyoratibiwa wakati wa kutamka. Lugha ya Kalemela imetoa mchango katika nadharia ya usemi duniani. Vyombo vilivyoundwa kutokana na nadharia hiyo bado havijaundwa kwa kuisikiliza lugha hiyo.

Hapa tofauti ya simu na kipandikizi inafundisha jambo. Simu ya kizazi cha pili hutenga sehemu maalumu ya maelezo yake kwa ajili ya mrudio wa mtikisiko wa nyuzi za sauti, na ndiyo maana toni za Kisukuma hufika salama kutoka Kalemela hadi Mwanza. Kipandikizi kilichoundwa kwa kipimo cha Kiingereza hakikulazimika kuzitilia mkazo. Vyote viwili ni vyombo vya sayansi moja, na tofauti yake inatokana na uamuzi wa watafiti kuhusu kipi ni cha lazima katika sauti.

Mashine zinazojifunza usemi

Uamuzi wa aina hiyo unarudiwa sasa katika programu za kompyuta zinazosikia na kusema. Programu ya utambuzi wa usemi hujifunza kwa kupewa saa nyingi za maongezi yaliyorekodiwa pamoja na maandishi yake, hadi iweze yenyewe kuigeuza sauti mpya kuwa maandishi, na kwa hiyo ubora wake hutegemea ni nani aliyerekodiwa. Kwa Kiswahili hatua kadhaa zimepigwa. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwasilisha mjini Lisbon mfumo wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino wa Ufaransa walieleza jinsi walivyojenga mfumo wa kutambua usemi wa Kiswahili. Na mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulipata msaada wa dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili, ambapo watu wa kawaida husoma sentensi kwa simu au kompyuta, wengine huzihakiki, na rekodi zote huachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitumia.

Uganda imeonyesha kuwa hata lugha yenye rekodi chache inaweza kuanza kuhudumiwa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyoko Kampala ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kujenga mfumo unaosikiliza vipindi vya redio ambavyo wananchi hupiga simu na kueleza matatizo yao, ili taarifa za ukame, magonjwa au kukatika kwa huduma zionekane mapema. Mfumo huo, ulioelezwa katika maandiko ya mwaka 2017, uliandaliwa kwa rekodi zisizofika saa 10 kwa Kiganda na zisizofika saa 10 kwa Kiacholi, lugha zote mbili zikiwa za toni. Ni kazi iliyojumuisha redio, lugha na mahitaji ya vijijini, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuizuia isifanyike kwa Kisukuma, ambacho ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania.

Kazi iliyo mbele

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kutokana na upotevu wa usikivu, na kwamba karibu asilimia 80 ya watu wenye tatizo hilo wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa kata iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, upasuaji ni sehemu ndogo ya safari. Kabla yake lazima mtoto atambuliwe, na hilo linawezekana mapema sana kwa sababu David Kemp aligundua mjini London mwaka 1978 kuwa sikio zima hutoa sauti hafifu ya kwake yenyewe, inayoweza kupimwa na chombo kidogo hata kwa mtoto mchanga aliyelala. Baada ya upasuaji kichakata sauti huhitaji kurekebishwa mara kwa mara, na kwa kila marekebisho mzazi hulazimika kusafiri, isipokuwa pale mtandao unaporuhusu mtaalamu kufanya kazi hiyo akiwa mbali, njia ambayo mamlaka za Marekani ziliidhinisha Novemba 2017. Mkongo wa nyuzi za kioo na mnara wa simu wa Simiyu, kwa mtoto kama huyo, ni sehemu ya tiba.

Lakini sehemu iliyosahauliwa zaidi ni lugha. Kupima kama mtu anaelewa maongezi kunahitaji orodha za maneno ya lugha yake zilizoandaliwa kitaalamu, na kumfundisha mtoto kusema baada ya kupata kipandikizi kunahitaji mtu anayejua sauti za lugha anayozungumziwa na mama na bibi yake. Familia ikiambiwa izungumze na mtoto Kiswahili pekee ili vifaa vifanye kazi vizuri, mtoto hupata sauti na kupoteza mazungumzo ya nyumbani kwake. Haki ya lugha inawahusu pia viziwi wasiohitaji au wasioweza kupata kipandikizi, ambao Chama cha Viziwi Tanzania kimewatetea tangu miaka ya 1980, na kwao Lugha ya Alama ni lugha kamili inayostahili kufundishwa mapema na kuchunguzwa kwa uzito uleule.

Nguvu za kuanza kazi hiyo zipo nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi wa mawasiliano na wanaisimu wa lugha za Kibantu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina madaktari. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina idara za sayansi ya kompyuta na mawasiliano pamoja na uhandisi wa kibiolojia. Na Mwanza, jiji lililo jirani na Busega, lina hospitali ya rufaa ya Bugando na chuo chake cha tiba. Kinachohitajika ni mradi mmoja utakaowakalisha pamoja, urekodi usemi wa Kisukuma wa wazee, wanawake, vijana na watoto kwa ridhaa yao, uandike toni zake, uandae vipimo vya usikivu katika lugha hiyo, na kupima ni njia gani ya kichakata sauti inayozihifadhi toni hizo vizuri zaidi.

Mnara wa simu hununuliwa, na kipandikizi huagizwa kutoka kiwandani kikafika kikiwa kimekamilika, lakini ujuzi wa jinsi toni ya juu ya Kisukuma inavyoruka silabi mbili na kutua kwenye neno lingine hauko katika ghala la kiwanda chochote. Uko kwa wasemaji wenyewe, Kalemela na katika wilaya nyingine za Simiyu kama Itilima, Maswa na Meatu, na utaingia katika vyombo vya kesho kwa kadiri vyuo vikuu vya Tanzania vitakavyouchukulia kuwa data ya lazima ya uhandisi na tiba, kama ambavyo wengine walizichukulia lugha zao kuwa data ya lazima tangu mwanzo.